Bendi ya Ridhaa na Kiongozi Mgumu: Hatua za Kufuata Mgogoro Unapoanza

Katika bendi ya kulipwa, mpiga gitaa aliyechoshwa na kiongozi wake anaweza kuvumilia hadi mwisho wa mwezi, kwa kuwa mwisho wa mwezi una kitu. Bendi ya ridhaa haina kitu hicho. Kila mmoja amekuja akiwa amechoka na kazi za mchana, amebeba ala yake mwenyewe, na anachotafuta ni saa mbili au tatu za furaha. Furaha hiyo ikikosekana mara kadhaa mfululizo, ataanza kuchelewa, kisha atakuwa na udhuru, kisha hataonekana tena. Kiongozi naye hana mshahara wa kukata wala wa kuongeza, hivyo mamlaka yote aliyonayo ni yale ambayo wenzake wamekubali kumpa. Ndiyo maana migogoro ya bendi hizi hukua kimyakimya, na siku inapolipuka huwa juu ya jambo dogo ambalo mtu wa nje akisimuliwa hucheka.

Nimepiga besi katika bendi za namna hii kwa miaka mingi, chini ya viongozi wema na viongozi wagumu, na kwa kipindi fulani kiongozi mgumu nilikuwa mimi. Mengi ya magomvi tuliyoyaita ya tabia yalitokana na mambo ambayo hayakuwahi kuamuliwa: nani anachagua nyimbo, nani ana haki ya kusimamisha wimbo, nani anaitikia mwaliko kwa niaba ya wote. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unaanza na mambo yenyewe, na watu wanafuata baadaye.

Hatua ya kwanza: Andika kilichotokea

Kabla hujamlalamikia mtu yeyote, weka kumbukumbu ya mazoezi matatu au manne yanayofuata. Andika tarehe, wimbo uliokuwa ukipigwa, maneno yaliyosemwa na kilichofuata. Ukiandika "ananidharau", hujaandika kumbukumbu, umeandika hukumu. Ukiandika "alisimamisha wimbo mara nne katika ubeti wa pili, kila mara akamtazama mpiga ngoma, na hakusema kosa ni lipi", umeandika jambo ambalo hata yeye mwenyewe hawezi kulikana.

Kumbukumbu hizo mara nyingi huonyesha kitu ambacho hasira ilikuwa imekificha. Katika bendi moja niligundua kwamba karibu kila ugomvi wetu ulizuka katika nusu saa ya mwisho, baada ya saa mbili za kupiga bila kupumzika, na karibu kila mara tulikuwa tumeshika wimbo mpya. Tulihamishia nyimbo mpya mwanzoni mwa mazoezi na kuweka mapumziko ya dakika kumi katikati. Kiongozi hakubadilika hata kidogo, ila tulikuwa hatumkuti tena akiwa na njaa na sisi tukiwa na njaa.

Hatua ya pili: Yanayopimika yapimwe

Hapa ndipo bendi nyingi zinapopoteza urafiki bure, kwa kuwa zinabishania kwa maneno mambo ambayo kifaa kidogo kingeyamaliza.

Chukua suala la kasi. Kiongozi wetu mmoja alikuwa akimwambia mpiga ngoma kila wiki kwamba anakimbia, na mpiga ngoma alikuwa akijibu kwamba anafuata gitaa. Jioni moja niliweka simu juu ya kiti, nikarekodi wimbo mzima, kisha tukapima mapigo yake kwa metronomu, kile kifaa kinachogonga kwa kasi unayoichagua. Wimbo ulianza kwenye mapigo 104 kwa dakika na ukaisha kwenye 118. Tuliposikiliza kwa makini tulisikia kwamba katika kila kiitikio gitaa la kiongozi lilikuwa linatangulia kidogo, ngoma inalifuata, na mimi na besi yangu tunazifuata zote mbili bila kushtuka. Hakuna aliyeomba radhi, lakini wiki iliyofuata kiongozi alikuja na metronomu yake mwenyewe na neno "unakimbia" likageuka kuwa "tunakimbia". Rekodini mazoezi yenu mara kwa mara, kwa idhini ya wote, na msikilize mkiwa pamoja. Kumrekodi mtu kwa siri ili umwumbue ni jambo jingine kabisa, na litazaa ugomvi mkubwa kuliko ule wa kwanza.

Suala la pili ni ukubwa wa sauti. Mpiga gitaa anaongeza kwa sababu hajisikii, mpiga kinanda anaongeza kwa sababu gitaa limeongezwa, mwimbaji anapiga kelele hadi sauti inamkauka, na mwishowe kila mmoja anaamini kwamba mwenzake ana ubinafsi. Sababu mara nyingi ni ya kimaumbile. Spika ya amplifaya ya gitaa hurusha sauti zake kali mbele moja kwa moja kama mwanga wa tochi. Ikiwekwa sakafuni nyuma ya magoti ya mpigaji, yeye mwenyewe hasikii ukali huo, basi anauongeza, na anayeumia ni aliyesimama mbele yake. Iinue amplifaya juu ya kiti au iegemeze nyuma ili itazame masikio ya mwenyewe, na utashangaa jinsi anavyopunguza bila kuombwa. Baada ya hapo anzeni kupanga sauti kwa ngoma, kwa kuwa ndiyo ala isiyo na kitufe cha kupunguza: wengine wote wajipime kwa ngoma iliyopigwa kwa kadiri, na sauti ya mwimbaji iwe ndiyo kipimo cha mwisho.

Iwapo kiongozi bado anasisitiza sauti kubwa, mwonyeshe takwimu, maana hili linahusu afya. Taasisi ya Marekani inayochunguza usalama na afya kazini, NIOSH, inapendekeza mtu asikae kwenye kelele ya desibeli 85 zaidi ya saa 8 kwa siku, na kila zinapoongezeka desibeli 3 muda huo unapungua kwa nusu. Hiyo ina maana kwamba kwenye desibeli 94 unabaki na saa 1, na kwenye desibeli 100 unabaki na dakika 15. Chumba kidogo chenye ngoma na amplifaya mbili hufika huko kwa urahisi. Programu ya simu ya kupima sauti haina usahihi wa kifaa cha kitaalamu, lakini inatosha kumaliza ubishi.

La tatu ni ufunguo wa wimbo, yaani noti ambayo wimbo umejengwa juu yake. Wapiga gitaa hupenda E na A kwa sababu nyuzi zilizo wazi zinawasaidia. Mpiga tarumbeta ya B bapa, ala ambayo noti yake ya C husikika kama B bapa, akinung'unika mnapopiga katika E hana kiburi. Kwenye ala yake wimbo huo unaangukia katika ufunguo wenye alama sita za kupandisha sauti. Mwimbaji anayeomba wimbo ushushwe hatua moja naye si mvivu. Mfuateni mwimbaji kwanza, kwa kuwa koo haliwezi kubadilishwa nyuzi.

Hatua ya tatu: Jua ugumu wa kiongozi wako ni wa namna gani

Viongozi wagumu hawafanani, na dawa ya mmoja ni sumu kwa mwingine.

Wa kwanza, na ndiye ninayekutana naye zaidi, ni yule aliyelemewa. Ndiye anayetafuta chumba cha mazoezi, anayepokea simu za wenye shughuli, anayepakia spika kwenye gari lake, anayekumbuka maneno ya nyimbo, na anayejua nyaya zote zilipo. Kadiri anavyobeba ndivyo anavyojiona ana haki ya kuamua peke yake, na kwa kweli hoja yake haikosi mantiki. Nilikuwa hivyo. Siku moja mpiga kinanda wetu, mama aliyenizidi umri, alinivuta pembeni akaniambia, "Mdogo wangu, unatupigia simu kama watu unaowadai." Kisha, kabla sijapata la kujibu, akaongeza kwamba kuanzia siku hiyo kazi ya kuwakumbusha watu siku ya mazoezi ingekuwa yake. Niliumia kwa sentensi ile ya kwanza, lakini ile ya pili ndiyo iliyonibadilisha. Kwa kiongozi wa namna hii, usiseme "nikusaidie nini?", kwa kuwa kukupangia kazi ni mzigo mwingine. Chagua jambo moja, lichukue lote, na lifanye bila kukumbushwa kwa miezi miwili. Uamuzi hufuata kazi: anayetunza orodha ya nyimbo huanza kuulizwa juu ya orodha ya nyimbo.

Wa pili ni mwenye mali. Mitambo ni yake, chumba ni chake, wakati mwingine hata jina la bendi alilitunga yeye. Anayeshika ufunguo wa chumba ndiye anayeshika bendi, na maneno matamu hayatabadilisha hilo. Ama mkubali kwamba hii ni bendi yake na ninyi ni wageni wake, jambo ambalo si aibu, ama muanze kuchangia kidogokidogo vyombo vya pamoja, mkianza na vile visivyo vya gharama kubwa, kama vile maikrofoni na vishikizi vyake.

Wa tatu ni mpenda ukamilifu. Huyu kwa kawaida ana haki kuhusu noti na anakosea kuhusu wakati. Wimbo haujafika kiitikio cha kwanza naye ameinua mkono. Mwombeni kanuni moja tu: kila wimbo upigwe hadi mwisho mara moja kabla ya kusahihishwa, na kila sahihisho litaje mahali, ala na kinachotakiwa. "Besi, kabla ya kiitikio, shika noti ya mwisho mpaka ngoma iingie" ni sahihisho; "hebu tuwe makini" ni kelele tu.

Wa nne ni mdhalilishaji, yaani yule anayefurahia kumfanya mtu awe mdogo mbele ya wenzake. Ukali wa jukwaani umewahi kutukuzwa. James Brown, mwimbaji maarufu wa Marekani, alijulikana kwa kuwatoza faini wanamuziki wake waliokosea, na wapo wanaomtaja kama mfano wa kuigwa. Wanasahau kwamba wanamuziki wale walikuwa kazini na walikuwa wakilipwa. Mtu anayetukanwa bure jioni aliyojitolea hana sababu ya kustahimili, na kwa kiongozi wa aina hii ninakushauri usikae muda mrefu kwenye hatua zinazofuata.

Hatua ya nne: Zungumza naye mkiwa wawili

Usiongee naye mara tu baada ya mazoezi, wakati watu wanakunja nyaya na masikio bado yanavuma. Subiri siku moja, kisha mwombe mkutane mahali ambapo hakuna ala. Nenda na jambo moja, lililo kwenye kumbukumbu zako, na ueleze lilivyoathiri upigaji wako. Unaweza kusema: "Kaka, juzi ulipotaja kosa langu kwenye maikrofoni mbele ya wageni niliona aibu, na nyimbo mbili zilizofuata sikuzipiga vizuri. Nikikosea tena, naomba unitazame tu, nitaelewa, halafu tuongee tukishashuka jukwaani." Kisha nyamaza. Kunyamaza hapo ni kugumu, kwa kuwa utatamani kuongeza malalamiko mengine manne ili ya kwanza yapate uzito, na yakishaingia hayo manne, hilo la kwanza litapotea.

Sentensi moja iepuke kabisa: "Hata wenzangu wote wanasema hivyo." Pengine ni kweli, lakini kwake itasikika kama taarifa ya mapinduzi, na kuanzia hapo atatumia nguvu zake kutafuta nani alisema nini. Kila mtu ajisemee.

Huenda akakujibu kwamba nahodha wengi, chombo huenda mrama. Mkubalie, kwa sababu ni kweli: wimbo ukiwa unapigwa lazima awepo mmoja anayeonyesha kuingia na kutoka, na hapo si mahali pa kura. Kisha mkumbushe kwa upole kwamba abiria hawagusi usukani, lakini bandari ya kwenda waliichagua wenyewe kabla ya kupanda.

Ugomvi usipelekwe kwenye kundi la simu. Maandishi hayana sauti wala uso, na ujumbe ulioandikwa kwa utani saa tano usiku husomwa alfajiri kama tusi. Tumieni kundi hilo kwa saa, mahali, orodha ya nyimbo na rekodi za mazoezi, basi.

Hatua ya tano: Fanyeni kikao kisicho na ala

Ikiwa tatizo linawagusa wote, ombeni kikao cha saa moja, na ala zibaki nyumbani, kwa kuwa mpiga ngoma mwenye vijiti mkononi hawezi kusikiliza. Ajenda ipelekwe mapema, na asiyekuwa na ugomvi na yeyote ndiye aongoze mazungumzo. Kila mmoja aseme kwa zamu bila kukatizwa, na mpole kuliko wote aanze; mkianza na msemaji, wapole watakuwa wameishia kukubaliana naye.

Lengo la kikao ni kupata ukurasa mmoja ulioandikwa unaosema nani anaamua nini. Jambo linalonishangaza ni kwamba hata marafiki wa utotoni huona haya kuandika, kana kwamba karatasi ni dalili ya kutoaminiana. Andikeni mkiwa bado mnapendana. Amueni nani anakubali mialiko, na kama mwaliko unahitaji idhini ya wote au ya walio wengi. Bendi ya watu wanne ikipiga kura inaweza kugawanyika wawili kwa wawili, kwa hiyo semeni mapema sare itavunjwaje. Amueni mtu akichelewa bila taarifa kitafanyika nini, na kanuni hiyo imhusu kiongozi pia.

Uongozi wa muziki unaweza kutenganishwa na uongozi wa shughuli. Mwenye sikio zuri la mpangilio wa wimbo huenda hajui kabisa kushika daftari la fedha, na kumlazimisha afanye yote ni kumtengeneza awe yule aliyelemewa niliyemtaja juu. Mnaweza pia kuugawa uongozi kwa wimbo: aliyeuleta wimbo ndiye anayeamua kasi yake, mwanzo wake na mwisho wake, na wengine wanamtii hadi wimbo uishe. Jambo hili linawezekana hata kwa kundi kubwa. Orpheus Chamber Orchestra, iliyoanzishwa New York mwaka 1972, hupiga bila kondakta, yaani bila mtu wa kusimama mbele na kuwaongoza wapigaji kwa mikono. Kwa kila utunzi huteuliwa kikundi kidogo cha wapigaji kinachoandaa mwelekeo kabla orkesta nzima haijakusanyika, na wajibu huo huzunguka.

Mambo matatu yaandikwe hata kama hayana ubishi kwa sasa. La kwanza ni orodha ya vyombo na wenyewe. La pili ni nyimbo mnazotunga: aliyetunga maneno na aliyetunga melodia watajwe, na mseme waziwazi kama waliopanga sehemu za ala nao wanahesabiwa kuwa watunzi kati yenu, maana ugomvi huu huja siku ambayo wimbo umeanza kupendwa, na siku hiyo kila mtu anakumbuka tofauti. La tatu ni jina la bendi litabaki na nani mkiachana.

Hatua ya sita: Wanaogombana wakiwa ni wenzako

Ukiwa katikati ya wawili wanaogombana, usiwe mjumbe wa kupeleka maneno. Kila mmoja akija kukusimulia, muulize, "Umeshamwambia mwenyewe?", na kama bado, jitolee kukaa nao tu wakati wanaambiana. Ikibidi wapumzishwe, wapangieni nyimbo ambazo hawategemeani sana kwa wiki chache. Kiongozi akiwa ni mmoja wa hao wawili, asiwe yeye anayeamua.

Hatua ya saba: Asipobadilika

Umezungumza naye faragha, mmefanya kikao, ukurasa umeandikwa, na bado anafanya yaleyale. Hapo mna njia mbili, na zote zifanyike mchana kweupe. Njia ya kwanza ni kumwomba aachie uongozi abaki mpigaji. Mara nyingi hili humpa nafuu yule aliyelemewa, na humkasirisha mwenye mali hadi aondoke na mitambo, kwa hiyo jueni mtapigia nini kabla hamjalitamka. Njia ya pili ni kuondoka. Yakiwepo matusi mazito, vitisho, kushikwashikwa au mwenendo mbaya kwa mwanachama mwenye umri mdogo, usipitie hatua hizi zote: ondoka siku hiyo, waambie wenzako sababu, na lifikishe kwa mamlaka inapobidi.

Kuachana kwa bendi hakumaanishi muziki umekufa. Les Wanyika ilianzishwa mwaka 1978 na wanamuziki waliotoka Simba Wanyika, na wapenzi wa muziki wa dansi wakapata bendi mbili badala ya moja. Tofauti kati ya kuachana kunakozaa na kunakoua, kwa jinsi nilivyoona, iko katika wiki mbili za mwisho. Toa taarifa mapema, maliza maonyesho yaliyokwisha kuahidiwa, mwachie atakayekurithi maandishi ya sehemu zako, na usianze kuwashawishi wengine kabla hujatangaza kwamba unatoka. Ujumbe wa kuaga kwenye kundi la simu uwe wa sentensi tatu, usio na mafumbo. Na kabla hujafunga begi la gitaa, kagua nyaya moja moja. Hakuna kiongozi, hata awe mpole kiasi gani, anayesahau waya wake uliokwenda na mtu.